Kukaa Ugenini kwa Kuvuka Mpaka na Kurudi: Maana ya Dhana

Kuvuka mpaka na kurudi ni utaratibu ambao mgeni aliyeingia nchini bila viza, au kwa viza fupi ya utalii, hutoka siku zake zinapokaribia kwisha, mara nyingine kwa saa chache tu, kisha huingia tena ili agongewe muhuri mpya na kuanza kuhesabiwa upya. Akichanganya safari hizo na nyongeza za muda zinazotolewa na ofisi za uhamiaji, anaweza kukaa katika nchi moja kwa miezi mingi, pengine miaka, pasipo kuwa na kibali cha ukaazi. Wamo wastaafu, wanaofanya kazi kwa njia ya intaneti, wenye wachumba katika nchi hiyo, na wale ambao bado hawajaamua watatulia wapi.

Ili kuielewa dhana hii ni lazima kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo wasafiri wengi huyachanganya. Nchi inapowaondolea viza raia wa nchi nyingine, huwa imeondoa hatua moja tu, yaani kuomba ruhusa kabla ya safari. Ruhusa ya kuingia yenyewe bado hutolewa mpakani, kila safari, na afisa ambaye sheria imempa mamlaka ya kuuliza maswali, kupunguza siku au kukataa kabisa. Kwa hiyo siku 30, 60 au 90 zinazotangazwa ni kikomo cha juu, wala si haki ya mgeni. Nchini Meksiko, kwa mfano, kikomo ni siku 180, lakini afisa ndiye anayeamua idadi atakayoiandika, na wapo wanaopewa pungufu sana.

Jambo la pili ni namna siku zinavyohesabiwa, na hapa ndipo nchi hutofautiana zaidi. Zipo zinazohesabu kwa kila kuingia. Nchi ya Georgia huwaruhusu raia wa nchi nyingi kukaa mwaka mzima bila viza, na anayetoka na kurudi huanza mwaka mwingine. Eneo la Schengen, lenye nchi 29 za Ulaya, hufuata kanuni tofauti kabisa: mgeni anaruhusiwa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Kipindi hicho hakina tarehe maalumu ya kuanza. Kila siku mgeni anapokuwa ndani, hutazamwa siku 180 zinazoishia siku hiyo. Aliyeingia tarehe 1 Machi na kukaa mfululizo atakuwa amemaliza siku zake tarehe 29 Mei, na akitaka kukaa siku 90 nyingine mfululizo hana budi kubaki nje hadi tarehe 28 Agosti. Kutoka kwa wikiendi moja hakumsaidii chochote, na kuhama kutoka Ufaransa kwenda Uhispania hakumsaidii pia, kwa kuwa zote zimo katika hesabu moja. Zamani baadhi ya watu walitegemea mihuri isiyosomeka. Lakini tangu Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaohifadhi alama za vidole na picha ya uso, na kompyuta ndiyo inayojumlisha.

Aina ya tatu haitegemei hesabu pekee, bali hutazama nia. Uingereza kwa kawaida humruhusu mgeni miezi 6, na wengi huamini kwamba kanuni inakataza kuzidisha siku 180 katika mwaka. Idadi hiyo haimo katika kanuni. Kilichomo, na kwa maoni yangu ni kizito zaidi, ni sharti kwamba mgeni asiishi nchini humo kwa njia ya ziara za mara kwa mara au zinazofuatana. Marekani nayo, kwa wanaoingia chini ya mpango wa kusamehewa viza, hutoa siku 90 zisizoongezwa, na safari fupi ya kwenda Kanada au Meksiko huhesabiwa ndani ya siku zilezile.

Nyongeza ya muda ni njia tulivu kuliko safari ya mpakani, kwa sababu mgeni huomba waziwazi na kupewa jibu la maandishi. Ufilipino ni mfano wa pekee: aliyeingia bila viza kwa siku 30 anaweza kuendelea kuomba nyongeza hadi afikishe miezi 36, akilipia kila hatua.

Thailand inaonyesha jinsi kanuni hizi zisivyotabirika. Mwaka 2006 iliweka ukomo wa siku 90 katika miezi 6, kisha ikauacha. Mwishoni mwa 2016 ikaamua kwamba kuingia bila viza kupitia mipaka ya nchi kavu kusizidi mara mbili kwa mwaka. Julai 2024 ikarefusha muda wa bila viza hadi siku 60 kwa raia wa nchi 93. Aliyepanga maisha yake juu ya kanuni iliyokuwapo mwaka fulani alijikuta baadaye chini ya nyingine. Anayepitiliza muda nchini humo hutozwa baht 500 kwa siku, jumla isizidi baht 20,000, na akikamatwa kabla hajajisalimisha hupigwa marufuku kurudi kwa miaka 5, au 10 ikiwa amepitiliza zaidi ya mwaka.

Hata pale ambapo kila muhuri ni halali, mkaaji wa namna hii hubaki mgeni kisheria. Kwa kawaida haruhusiwi kuajiriwa, hupata taabu kufungua akaunti ya benki, na miaka yake haihesabiwi anapoomba ukaazi wa kudumu. Mamlaka ya kodi, kwa upande wake, haijali muhuri unasema nini. Katika nchi nyingi anayezidisha siku 183 kwa mwaka anaweza kuhesabiwa kuwa mkaazi anayepaswa kutoa taarifa ya mapato yake, ingawa uhamiaji bado inamwita mtalii.

Estonia ilianzisha viza ya wafanyakazi wa mbali mwaka 2020, na nchi kadhaa zikafuata, kwa sehemu ili kuwapa watu hawa hadhi inayoeleweka. Thailand yenyewe ilitoa viza ya aina hiyo mwaka 2024. Hudumu miaka 5, lakini kila kuingia humpa mwenyewe siku 180, na baada ya hapo huomba nyongeza au huenda tena mpakani.