Maswali na majibu: P2, saa 72 na mzigo wa mwanamke

Mila za mahusiano zimebadilika. Je, mwanamke amenufaika au ameumia?

Katika pwani ya Tanzania, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, akafundwa kuhusu hedhi, usafi na ndoa. Mafunzo hayo yalikuwa na kasoro, kwa kuwa mengi yalimwandaa kumridhisha mume kuliko kuujua mwili wake mwenyewe, lakini alikuwa na mtu mzima wa kumuuliza. Leo wasichana wengi husoma zaidi na huchelewa kuolewa, jambo lenye heri kwa afya yao. Hata hivyo mahusiano kabla ya ndoa yamezoeleka bila mtu wa kuijaza nafasi ya somo, na pengo hilo, kwa maoni yangu, ndilo linalowaumiza zaidi.

P2 hufanya nini?

Ni vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vyenye homoni ya levonojestreli, ambavyo huchelewesha yai kutoka, na hufaa zaidi vikimezwa mapema ndani ya saa 72 baada ya ngono bila kinga. Haviharibu mimba iliyokwisha kutunga wala havileti ugumba. Hedhi inaweza kubadilika tarehe, na anayetapika kabla ya saa 2 kupita hurudia dozi. Kwa anayevihitaji mara kwa mara, kipandikizi au kitanzi ni kinga ya uhakika zaidi.

Mwenzi wangu anakataa kondomu, anasema P2 ipo. Je, niko salama?

Hapana. P2 haizuii VVU, kaswende wala kisonono. Inasikitisha kwamba wasichana wengi huogopa mimba kuliko VVU, kwa sababu mimba huonekana na aibu yake huwaangukia wao peke yao. Anayekimbilia duka la dawa kununua P2 mara nyingi haambiwi kwamba ndani ya saa zilezile 72 anaweza kuanza PEP katika kituo cha afya, yaani dawa za kuzuia VVU zinazomezwa kwa siku 28. Na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Aliyelazimishwa kufanya ngono aende kituoni mara moja, hata kama anamfahamu aliyemtendea. Kwako wewe unayeuliza, mwombe mwenzi wako mkapime VVU pamoja, na kondomu iendelee kutumika. Akikataa yote mawili, una haki ya kukataa tendo lenyewe.