Mita janja haina mikono

Nimeulizwa tena: "Mmeshafunga mita janja, mbona umeme bado unakatika?" Jamani! Mita inapima, na ikijitahidi sana inatuarifu kwamba nyumba fulani haina umeme kabla mwenyewe hajapiga simu. Tawi likilalia waya, haina mikono ya kulitoa.

Kazi kubwa inafanywa na swichi za kwenye laini. Hitilafu ikitokea, rilei, kifaa kinachohisi hitilafu, inakata umeme, inasubiri kidogo, inarudisha, maana hitilafu nyingi za laini za juu hupita zenyewe. Isipopita, mfumo unatenga kipande kibovu na kuwalisha waliobaki kutoka fida jirani, yaani laini nyingine ya kusambaza umeme. Wenye kipande kibovu wanasubiri mafundi kama zamani.

Sasa linalonikera. Tukijisifu kwamba huduma imeimarika, tunaonyesha SAIDI, wastani wa muda ambao mteja hukosa umeme, na SAIFI, wastani wa mara anazokatikiwa. Kwa kiwango cha IEEE 1366, cha taasisi ya wahandisi wa umeme, vipimo hivyo havihesabu umeme unaokatika kwa dakika 5 au pungufu. Basi aliyekuwa akikaa gizani saa 2, leo akikaa dakika 1, katika ripoti ni kama hakuguswa kabisa. Kwa anayejisomea usiku hiyo ni nafuu kweli, sibishi. Ila kwa kiwanda ambacho mtambo ukizima unaanza kazi upya, hiyo dakika 1 ni hasara tupu, na ikijirudia mara sita kwa mwezi ripoti yetu bado inang'aa. Kipo kipimo cha makatizo mafupi, MAIFI. Kiulizie mkutanoni uone watu wanavyoanza kukohoa.

Halafu kuna mipangilio. Septemba 28, 2016, dhoruba iliangusha minara ya umeme katika jimbo la Australia Kusini. Mashamba kadhaa ya upepo yakapunguza umeme ghafla, kwa kuwa programu zake ziliwekewa kikomo cha idadi ya mitikisiko ya volteji ya kuvumilia, na msimamizi wa gridi hakuwa na habari. Jimbo zima likazimika. Mimi nikipiga hesabu za kuilinda gridi dhidi ya hitilafu, nachukulia kwamba kila inveta, kifaa kinachoingiza umeme wa jua au upepo kwenye gridi, imewekwa kama karatasi zinavyosema. Nani amezikagua zote? Simjui.

Ndiyo maana nawabishia wanaotaka swichi mpya zisizo na mpini wa kuziendesha kwa mkono. Desemba 2015 wadukuzi walipofungua swichi za vituo vya umeme vya Ukraine kutoka mbali na kukata umeme, umeme ulirudi kwa sababu mafundi walikwenda vituoni kuzifunga kwa mkono.