Dawa za Kupunguza Pombe: Mnywaji Mwenyewe Ndiye wa Kumwona Daktari

Katika kliniki za afya ya akili, ombi la dawa ya pombe mara nyingi haliletwi na mnywaji. Huletwa na mke, dada au mama mzazi, ambaye huketi ukingoni mwa kiti, hushusha sauti na kuuliza kama ipo dawa isiyo na ladha ya kuchanganya kwenye mchuzi ili mhusika aichukie pombe bila kujua. Dawa zipo, lakini hatuzitoi kwa njia hiyo, wala si kwa sababu ya ukaidi wa kitaaluma.

Inayoulizwa zaidi ni disulfiramu, iliyoanza kutumika kutibu ulevi nchini Denmark mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa kawaida ini huigeuza pombe kuwa kemikali yenye sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha huimaliza upesi kabla haijaleta madhara makubwa. Disulfiramu huzuia hatua hii ya pili, hivyo sumu ikajaa mwilini: uso na shingo huwaka moto, moyo hudunda, mtu hutapika, na presha inaweza kushuka mpaka akazimia. Mwenye maradhi ya moyo anaweza kufa. Anayejua kwamba ameimeza huipita kilabu kwa hadhari, kwa maana hofu hiyo ndiyo tiba yenyewe; aliyewekewa kwenye mchuzi ataagiza mbege yake kama jana. Isitoshe, dawa hii haimezwi kabla ya saa 12 kupita tangu kinywaji cha mwisho, na athari yake inaweza kujitokeza hata wiki mbili baada ya kuiacha, pengine kwa sababu ya dawa ya kikohozi yenye alkoholi tu.

Naltreksoni hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Haimtapishi mtu, bali hupunguza ile raha ambayo ubongo huipata kutokana na pombe, na kidogo kidogo hamu hupungua. Kipimo cha kawaida ni miligramu 50 kwa siku, na inaweza kuanzwa hata na mtu ambaye bado anakunywa, jambo linaloifanya imfae anayetaka kupunguza kabla ya kuacha. Hata hivyo, anayetumia dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini au mofini hapaswi kupewa, kwa kuwa inaweza kumletea arosto kali ya ghafla, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi au dawa uliyoizoea. Akamprosati, kwa upande wake, humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi nyuma, mradi figo zake ni nzima. Shirika la Afya Duniani liliziingiza hizi mbili katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023, ingawa si kila duka la dawa linazo.

Lipo kosa jingine, nalo hufanywa kwa nia njema. Mtu anayelazimika kuzimua asubuhi ili mikono iache kutetemeka asiache pombe kwa ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata kifafa, na siku ya pili hadi ya nne anaweza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, hali inayoweza kumuua. Huyo huanza kwa kutibiwa arosto, kwa kawaida kwa diazepamu chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1.

Daktari atauliza unakunywa nini, kiasi gani na tangu lini, kisha huenda akataka vipimo vya damu vya ini na figo. Jibu la "chupa mbili tatu tu, daktari" halimsaidii yeyote. Taja gongo kama ni gongo, na useme kama ni glasi tano, kwa sababu kipimo cha dawa na uamuzi wa kulazwa au kurudi nyumbani hutegemea hesabu hiyo.

Na yule mke aliyekuja na wazo la mchuzi? Aje tena, safari hii wakiwa wawili. Mume akikubali kwa hiari yake kutumia disulfiramu, mke anaweza kumtunzia vidonge na kumshuhudia akimeza kila asubuhi mbele yake, kwani dawa hii hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mbele ya mtu anayeaminiwa.