Ukumbi ukivuma, usikimbilie kununua spika

Juzi niliitwa kwenye ukumbi mmoja wa michezo hapa Tabora. Netiboli ilikuwa inaendelea, kocha anapiga kelele "Rudi, rudi!", na mabinti zake wanamkodolea macho tu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshaomba profoma ya spika nne zaidi. Nikamwomba asubiri kwanza. Watu walipotoka nilisimama katikati ya uwanja nikapiga kofi moja. Likajibu pa-pa-pa-pa kati ya kuta mbili zinazotazamana, kisha mvumo ukabaki unaning'inia juu. Nilihesabu hadi saba.

Zege, plasta na bati hurudisha karibu sauti yote inayogonga hapo. Neno la pili la kocha hulikuta la kwanza bado linazunguka. Ukiongeza spika, umeongeza cha kuzungushwa.

Hesabu yake si ngumu. Zidisha ujazo wa ukumbi kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji, yaani eneo la kila uso (mita za mraba) mara sehemu ya sauti unayoifyonza; jibu ni sekunde ambazo mvumo hudumu. Ukumbi wa mita 40 kwa 25, kimo mita 9, una mita za ujazo 9,000. Nyuso zake zikifyonza wastani wa asilimia 6 tu, mvumo hudumu kama sekunde 7 na nusu. Funika mita za mraba 700 za dari kwa kitu kinachofyonza asilimia 80, utashuka hadi sekunde 2 hivi, na hapo kocha anasikika.

Kanuni hiyo aliipata Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kazi aliyoianza mwaka 1895, akihamisha mito ya viti usiku, akiingiza na kutoa. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, maana sauti ikishatoka hapo hairudi. Kwetu, joto la Oktoba linatulazimisha kuacha matundu juu ya kuta, nayo yanasaidia mvumo pia (jirani atavumilia filimbi). Ndiyo maana pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hakuna anayelalamikia mvumo: juu ni anga.

Ningeanza na dari: pamba ya mawe (nyuzi laini zinazotokana na mawe yaliyoyeyushwa), iliyofunikwa kitambaa au mbao zenye matundu. Ikilazwa ikigusana na bati, inapunguza pia kishindo cha mvua ya Januari, ambayo huwanyamazisha hata marefa. Ukutani, chini ya mita tatu, mpira utachana chochote laini. Hapo weka fito za mninga zilizoachana kidogo, pamba ikae nyuma yake. Ukuta mmoja ukitosha, usiguse wa pili.

Mwenyekiti akaniuliza kuhusu trei za mayai, kwa kuwa ameziona kwenye studio ya kijana mmoja mtaani. Ni nyepesi mno. Zinapunguza kidogo sauti kali za juu, mvumo mzito unapita kama hazipo. Sponji ya magodoro ndiyo nilimkataza kabisa. Inashika moto upesi, moshi wake ni sumu, na ukumbi ule una milango miwili tu, mmoja wao umefungwa kwa kufuli.