AfrikaBurn: Huku mgeni hupewa jembe akiwa getini

Kila ikifika Februari simu yangu haipoi. Mara binamu, mara jamaa niliosoma nao Tanga, mara rafiki wa rafiki aliyeona picha ya sanamu kubwa ya mbao ikiwaka usiku katikati ya nyika, Afrika Kusini. Swali ni lile lile: tiketi bei gani, na hoteli ipo?

Hoteli haipo. Duka halipo. Mtandao wa simu nao usahau. AfrikaBurn, mkusanyiko wa sanaa na moto unaojengwa na wanaohudhuria wenyewe, hufanyika mwishoni mwa Aprili kuingia Mei huko Tankwa Karoo, nyika kavu ya mawe, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka Cape Town ninakoishi. Ilianza 2007 kama mtoto wa Burning Man ya Marekani. Mzazi huyo alizaliwa 1986, Larry Harvey na Jerry James walipochoma mtu wa mbao ufukweni Baker Beach, San Francisco, na mwaka 1990 akahamia jangwa la Black Rock, Nevada. Kwa wiki moja Tankwa panaota mji mzima wenye mitaa, vyoo na kituo cha huduma ya kwanza, kisha mji huo unafutika. Nimekwenda mara tatu, na haya ndiyo ninayoyasikia kila mwaka kutoka kwa wanaojiandaa kwenda.

"Mimi nakwenda kuangalia tu"

Hili ndilo kosa linalozaa mengine yote. Watu wanadhani ni tamasha kama yale ya Zanzibar au Nairobi: kuna jukwaa, kuna wasanii walioalikwa, wewe unavaa mkanda wa mkononi na kusubiri burudani. Ofisi ndogo ipo Cape Town, ina watumishi wachache wa kulipwa wanaoshughulikia ardhi, vibali na tiketi. Waliobaki wote, anayekupokea getini, anayezunguka usiku wa manane kusuluhisha ugomvi, aliyejenga ule mnara unaoupiga picha, wamenunua tiketi kama wewe.

Mjomba wangu alipolisikia hili alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mnalipa ili mkatumikishwe?" Nikamuuliza: ile kamati ya harusi ya binti yako, iliyokesha ikimenya vitunguu na kukoroga pilau, ililipwa na nani? Tena baada ya kutoa mchango! Akageuza mazungumzo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tankwa siku mbili hizo hazipo. Na wanaosema "mimi sina ujuzi wowote" wajue kwamba zamu nyingi hazitaki ujuzi. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama getini saa chache nikikagua tiketi na kuwaambia watu wapunguze mwendo, basi. Burning Man ina kanuni kumi, aliziandika Larry Harvey mwaka 2004. AfrikaBurn ikaongeza ya kumi na moja: kila mmoja amfundishe mwenzake. Jamaa aliyenionyesha kazi ya getini alikuwa amejifunza asubuhi ile ile.

"Chakula na maji nitanunua huko huko"

Kinachouzwa ni barafu. Nimemaliza.

Kwa hiyo hesabu ya maji uifanye nyumbani. Kipimo kinachotolewa ni lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Watu watatu kwa siku sita ni lita tisini, yaani madumu manne ya lita ishirini na nusu ya la tano. Sisi tulibeba sita, na tukarudi na moja tu likiwa halijaguswa. Wasichokifikiria wengi ni maji machafu. Uliyoogea na kuoshea vyombo humwagi chini. Unayakinga kwenye ndoo au beseni, yakauke kwa jua au urudi nayo. Hapo ndipo utakapojua kwamba sufuria ya ugali si rafiki yako. Pika vitu visivyogandia, au pika kabisa nyumbani, ugandishe, uende nao kwenye kasha la barafu.

"Kama hakuna pesa, basi ni kubadilishana vitu"

Hapana. Mtu akikupa chapati ya moto haitaki bangili yako. Anakupa, unakula, mnaagana. Wapo wanaobeba mfuko wa vikorokoro vya kugawa kama njugu, na vingi huishia mavumbini. Zawadi inayokumbukwa ni ya huduma: kuziba pancha za baiskeli, kumpaka mtu mafuta miguu iliyopasuka, kusoma shairi.

Sisi watu wa pwani tulisema tutatoa kahawa chungu na kashata alfajiri. Nilibeba dele la shaba la marehemu babu, mkaa kidogo wa kuwekea kwenye kitako chake, na vile vikombe vidogo vya kaure ishirini na nne. Alfajiri ya kwanza watu walijaa, wametapakaa vumbi, wameshika vikombe kwa vidole viwili kama wamezaliwa Ngamiani, Tanga. Ilipendeza kweli. Kisha nikabaki na vikombe ishirini na vinne vya kuosha kwa maji niliyoyahesabu kwa tone. Siku ya pili nilitundika kibao: njoo na kikombe chako. Ndivyo wenyeji wanavyofanya siku zote, kikombe kinaning'inia kiunoni kama panga la mgema.

"Gari langu lina nguvu, barabara hainitishi"

Nguvu haihusiki. Barabara ya R355 inatoka upande wa Ceres kwenda Calvinia, ni kokoto tupu, na njiani hapana mji hata mmoja. Adui ni mawe bapa yenye makali, yanachana ubavu wa tairi kama wembe. Gari kubwa linalokimbia huchanika haraka kuliko kijigari kinachotambaa.

Safari yetu ya pili tuliyajua hayo, na bado tulikimbia, maana jua lilikuwa linazama. Tairi la nyuma kushoto likalia pwaa! Tukashusha mizigo yote kwenye vumbi ili tuifikie spea: madumu, hema, magunia ya vyakula, na dele la babu. Jeki ikazama kwenye kokoto. Mzee mmoja Mkaburu aliyekuwa akipita na lori la mbao akasimama bila kuitwa, akatoa kipande cha ubao, akakiweka chini ya jeki, akaondoka kabla hatujamaliza kushukuru. Tangu siku ile naenda na spea mbili, kipande cha ubao, na spana niliyokwisha ijaribu nyumbani. Hili la kujaribu nalisisitiza: nati zilizokazwa na mashine ya gereji huwezi kuzifungua kwa ile spana ndogo iliyokuja na gari. Mizigo ipange ili spea iwe juu. Mafuta jaza Ceres.

"Jangwani ni joto"

Mchana, ndiyo. Lakini mwisho wa Aprili huko kusini ni majira ya vuli, na usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mtu wa Tanga anayekwenda na kikoi na shuka jepesi atakesha akitetemeka. Beba blanketi la maana, koti na soksi nzito. Mvua nayo haijaapa kutonyesha jangwani. Burning Man ya 2023 ilinyeshewa, udongo ukawa gundi, na barabara ya kutokea ikafungwa kwa siku kadhaa watu wakiwa ndani. Upepo ndio wa kuogopa zaidi. Hema lifunge kwa vigingi virefu vya chuma, na hivyo vidogo vilivyokuja nalo waachie watoto wachezee. Miwani ya kufunika macho na barakoa ya vumbi viwe mfukoni, visikae garini.

"Moto wenyewe ni fujo, kila mtu anachoma anachotaka"

Hii inanichosha, kwa sababu moto ndiyo kazi inayosimamiwa kwa ukali kuliko zote. Anayetaka kuchoma kazi yake ya sanaa anatoa mpango mapema: imejengwa kwa nini, itaangukia wapi, ardhi italindwaje isibaki na kovu, watu wasimame umbali gani, na nani atakesha nayo mpaka majivu yapoe. Moto wa kuota hauwashwi juu ya ardhi tupu. Unawashwa kwenye pipa au karai lililoinuliwa, na majivu yake yanarudi nyumbani nawe.

Halafu kuna upepo, ambao hausomi mipango. Mwaka 2014 ilijengwa Subterrafuge, kundi la minara mirefu ya mbao iliyotoa kauli dhidi ya uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba ya Karoo. Watu walisubiri kuiona ikiwaka. Upepo ukakataa, ikaachwa imesimama, ikachomwa 2015. Fikiria waliotoka Ulaya kwa ajili ya usiku ule! Walirudi kwao na picha ya minara isiyowaka, na hakuna aliyerudishiwa nauli.

Safari ya tatu nilijitolea kukaa kwenye duara la ulinzi wakati wa kuchoma sanamu ya Clan. Hiyo ndiyo nembo ya AfrikaBurn, umbo la vichwa vingi lililotokana na mchoro wa mwambani wa Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, na kila mara hujengwa upya. Nilidhani nimepata kiti cha mbele. Kumbe mlinzi hukaa ameupa moto mgongo, uso kwa watu, ili amwone anayetaka kukimbilia ndani. Saa nzima nilihisi mgongo ukichemka kama umepakwa pilipili, na moto wenyewe nikauona kwenye miwani ya watu. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa akilia kimya kimya, na kwenye kila lenzi yake palikuwa na sanamu ndogo inayoanguka. Nikageuka kidogo tu, jirani yangu akanigonga bega: "Watu, si moto."

Wanaocheza na moto, wale wa kuzungusha minyororo yenye tambi, nao wana adabu zao. Tambi ikichovywa kwenye mafuta ya taa hukung'utwa kwanza ili yasirukie watu. Pembeni lazima awepo mwenzake ameshika taulo nene la pamba lililoloweshwa, macho yasitoke kwake hata akiitwa. Na mavazi ni pamba au sufu. Kanga halisi ya pamba ni sawa, lakini ile ya kung'aa ya polista iache sandukuni, maana ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Wapo pia wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama ni kuabudu moto. Nawaambia waende Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, wakaangalie kibanda kinavyochomwa mchana kweupe, halafu watu wanarudi nyumbani kula na wageni wao. Sina zaidi ya hapo.

"Ni mambo ya wazungu wenye pesa"

Hapa siwezi kumkatalia mtu moja kwa moja. Tiketi si rahisi, gari ni lazima, na ukitembea kwenye mitaa ile utaona nyuso nyeupe nyingi kuliko utakavyoziona popote pengine nchini humo. Wenyewe wanalijua na linawaumiza kichwa. Zipo tiketi zenye punguzo kwa wasiomudu, na kazi za sanaa huombewa ruzuku inayotoka kwenye mauzo ya tiketi. Dhana potofu ni kuamini kwamba ukienda utatengwa. Sijatengwa. Nimeulizwa mara nyingi mno kama nimetoka kwa Simba wa Serengeti, hilo nalikubali. Gharama ipunguzeni kwa kwenda kama kikundi: gari moja, jiko moja, turubai moja kubwa la kivuli, na daftari la nani kaleta nini. Vikoba tumevizoea, hii haina tofauti.

"Usafi utafanywa na wahusika"

Wahusika ni nyie. Hakuna pipa la taka hata moja. Chochote ambacho hakikuwepo kwenye nyika ile kabla hujafika kinaondoka nawe, na "chochote" maana yake ni nywele ya bandia, kishikizo, unyoya, ganda la chungwa. Msihesabu kwamba ganda litaoza. Karoo ni kavu, ganda linakaa pale pale likikutazama. Palipochomwa kitu watu hupita na sumaku kuokota misumari, kisha na reki, kisha kwa vidole.

Kambi yetu tulidhani imeng'aa. Tukajipanga mstari, bega kwa bega, tukaanza kutembea polepole tumeinama kama wanaopalilia mpunga. Hatua kumi za kwanza nikaona vitu vyekundu vidogo kwenye kokoto, vimeenea pote palipokuwa na meza ya kahawa. Maganda ya karanga. Yale ya juu, membamba kama karatasi ya sigara, yaliyopeperuka kutoka kwenye kashata zangu kila alfajiri. Tulipiga magoti saa mbili na nusu na kibano cha nyusi cha dada mmoja wa kambi ya jirani. Mwaka huu kashata zitakuwa za nazi.