Taa Inayowaka Hadi Usiku wa Manane: Dhana za Wazazi Katika Mwaka wa Mtihani

Mwaka ambao binti yangu alikuwa anamaliza sekondari, nilijizoesha kupita mlangoni kwake kabla sijaenda kulala. Nikiona mwanga chini ya mlango, moyo unatulia. Nikikuta giza, naanza kuhesabu siku zilizobaki, na si mara moja nilimgongea nikamwuliza kama kweli amemaliza. Usiku mmoja, yapata saa saba, nilifungua mlango taratibu. Nikamkuta ameketi, kitabu kimefunuliwa mbele yake, kalamu ya njano ya kuwekea alama bado mkononi, macho yamefumba. Ncha ya kalamu ilikuwa imelalia karatasi, wino ukasambaa ukawa doa la ukubwa wa sarafu. Ukurasa ulikuwa uleule niliouona saa tatu nilipompelekea maji.

Doa lile halijanitoka akilini. Kwa miezi kadhaa nilikuwa napima bidii ya mwanangu kwa vitu ambavyo jicho linaviona: taa, kiti, kitabu kilichofunguliwa. Kujifunza kwenyewe hakuonekani mlangoni. Dhana nitakazozitaja hapa baadhi nilikuwa nazo mimi mwenyewe, nyingine nazisikia kwa wazazi wenzangu kila mwaka wa mtihani unapofika, na karibu zote zinaanzia hapo, kwenye kuamini jicho.

“Mwenye bidii hukesha”

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Hayo ndiyo mapendekezo yaliyotolewa mwaka 2016 na wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, baada ya kupitia tafiti nyingi. Wazazi wengi tukisikia hivyo tunaona ni anasa ya miaka mingine, siyo mwaka huu. Lakini mwaka huu ndio anaouhitaji zaidi usingizi huo, kwa sababu usingizi ni sehemu ya kusoma. Yale aliyosoma mchana hushikwa kwanza na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Anapolala usingizi mzito, ubongo huyarudia na kuyaimarisha, yakapata makazi ya kudumu. Anayekesha anakata kazi hiyo katikati. Jambo hili si geni: mwaka 1924 watafiti Jenkins na Dallenbach walionyesha kwamba watu waliolala baada ya kukariri walikumbuka zaidi kuliko walipobaki macho kwa muda uleule.

Kuna jambo jingine linalotufanya tuwaonee vijana wetu. Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake husogea mbele. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown ametumia miaka mingi kuchunguza hali hii. Kwa hiyo kijana asiyepata usingizi saa tatu usiku, na ambaye asubuhi haamki mpaka aitwe mara nne, si mvivu wala mkaidi. Mwili wake bado uko usiku. Ukimwamsha saa kumi alfajiri asome ilhali alilala saa sita usiku, unamtoa usingizini katika saa zenye ndoto nyingi, kisha unashangaa kwa nini anasinzia darasani.

Na kahawa? Kafeini hukaa mwilini muda mrefu. Kwa mtu mzima mwenye afya, baada ya takriban saa tano nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwapa watu kipimo kikubwa cha kafeini saa sita kabla ya kulala, na hata hivyo walipoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vilevile.

Nyumbani kwetu tulikubaliana saa nne na nusu taa inazimwa, mtihani uwe umebaki miezi sita au siku moja. Wiki ya kwanza alilalamika. Mimi ndiye niliyepata shida zaidi kuizoea giza ile.

“Anasoma, nimemwona ameshika kitabu”

Hapa ndipo ningependa mzazi akae kidogo, kwa sababu kosa hili hula saa nyingi kuliko simu.

Mwaka 2006 watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha maandishi wasome. Kundi moja liliisoma tena. Kundi la pili lilifunga karatasi na kuandika lolote walilokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, waliojipima asilimia 75. Mtu angesimama hapo angesema kurudia ndiko kunakofaa. Lakini baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Mtihani hauji baada ya dakika tano.

Kinachomdanganya kijana ni wepesi. Akisoma ukurasa mara ya tatu, maneno yanateleza, anahisi anayajua. Anayoyajua ni sura ya ukurasa. Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na John Dunlosky lilipima njia kumi ambazo wanafunzi hutumia kujisomea. Kurudia kusoma na kupiga mistari ya rangi, njia mbili zinazopendwa mno, zilipewa daraja la chini. Zilizopewa daraja la juu ni mbili tu: kujipima, na kugawa masomo kwa vipindi vilivyoachana siku kadhaa badala ya kuyarundika usiku mmoja. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaona mwaka 1885, kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, kwamba kilichorudiwa kwa kuachanisha siku hukaa kuliko kilichokaririwa kwa mkupuo. Haba na haba hujaza kibaba, na kumbukumbu hujazwa hivyohivyo.

Mzazi atasaidiaje kama hakusoma somo hilo? Mimi sikusoma biolojia. Jioni moja nilichukua daftari la binti yangu, nikaligeuza upande wangu, nikamwambia, “Nieleze osmosisi.” Ukurasa wote ulikuwa wa njano. Akaanza kwa haraka: “Ni kusafiri kutoka kwenye vingi kwenda kwenye vichache.” Nikasoma kichwa kinachofuata nikamwuliza, “Kinachosafiri ni nini, maji au chumvi?” Akasema, “Maji. Yanatoka kwenye chumvi nyingi… hapana. Ngoja.” Akanyamaza. Akachukua kipande cha karatasi, akachora chombo, akaweka utando katikati, akatia nukta upande mmoja. Alikaa na mchoro ule kama dakika mbili bila kuniangalia. Kisha akasema polepole kwamba maji huelekea kwenye chumvi nyingi, kwa sababu upande huo maji ndiyo machache. Sikuwa nimemfundisha chochote. Nilishika daftari tu, na nikavumilia ukimya wa dakika mbili bila kusema “si ulisema umesoma?”

Kuvumilia huko ndiko kugumu. Kijana akikwama mbele yako, uso wako usikunjamane, la sivyo kesho hatakubali kuulizwa.

“Wangu anajifunza kwa kusikia, mwingine kwa kuona”

Watafiti waliopitia suala hili mwaka 2008, wakiongozwa na Harold Pashler, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa kufuata “mtindo” wake humfanya ajifunze zaidi. Watoto wana mapendeleo, ni kweli. Ila jiografia ya ramani itahitaji macho hata kwa anayependa kusikiliza.

“Bila kumtia hofu kidogo hatasoma”

Hofu humfanya akae kitini, hilo sikatai. Lakini angalia inakwenda kukaa wapi. Anapokokotoa hesabu, kijana hutumia kumbukumbu ya muda mfupi, ile ya kushikilia tarakimu mbili huku akitafuta ya tatu. Nafasi yake ni ndogo. Wasiwasi huingia kwenye nafasi hiyohiyo. “Nikifeli, baba atasema nini” hugombania kiti na hesabu, na mara nyingi hesabu ndiyo inayosimama. Ndiyo maana mtoto anaweza kutoka chumba cha mtihani, akaketi nje, na jibu likamjia lenyewe.

Kumlinganisha na mtoto wa jirani ni namna ya kutia hofu. Kumkumbusha ada uliyolipa ni namna nyingine. Anaijua tayari, na kama ni mtoto mwenye moyo, inamwamsha usiku.

Ila kuna sifa ambayo nayo huwa mzigo, na hili lilinishangaza. Mwaka 1998, katika utafiti wao, wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck waliwasifu watoto wa shule waliofanya vizuri jaribio la kwanza. Wengine waliambiwa wana akili, wengine waliambiwa wamejitahidi. Yalipokuja maswali magumu na wote wakashindwa, waliosifiwa akili walikata tamaa upesi na wakafanya vibaya hata kwenye maswali mepesi yaliyofuata. Waliosifiwa juhudi waliendelea. Mtoto aliyeambiwa tangu utotoni “wewe una akili sana” anaingia mwaka wa mwisho akiogopa siku itakayothibitisha vinginevyo. Msifu kwa kitu alichokifanya: alirudia swali aliloshindwa, aliomba msaada kwa mwalimu, alifunga daftari akajipima.

“Aache michezo na marafiki mpaka amalize”

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kuutoa mwili jasho kila siku, na halikuweka msamaha wa mwaka wa mtihani. Mwendo husaidia usingizi na hupunguza wasiwasi. Rafiki mmoja wa kusoma naye, wakiulizana maswali, ana thamani kuliko saa mbili za upweke.

Simu ni suala jingine, nalo halimalizwi kwa kuinyang’anya. Ukiichukua kwa hasira, jioni nzima itakwenda kwa hasira. Tulichofanya ni kuweka sehemu moja sebuleni ambapo simu zote hulala kuanzia saa tatu, za wazazi zikiwemo. Hapo ndipo alipokubali.

“Ametulia, maana yake yuko sawa”

Mtoto anayelia anaonekana. Anayenyamaza, akasema “nipo sawa” na kurudi chumbani, tunamwita mkomavu. Ukimya wa mwaka wa mtihani uangalie kwa makini, hasa ukiambatana na haya: hali chakula vizuri kwa wiki kadhaa, halali au analala muda wote, ameacha vitu alivyovipenda, anagawa vitu vyake, anasema maneno kama “mtapumzika nikiwa sipo.” Maneno hayo hayasemwi hovyo hata kama yamesemwa kwa kucheka.

Wazazi wengi huogopa kuuliza moja kwa moja kuhusu kujiua, wakidhani swali litapanda wazo ambalo halikuwepo. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za jimbo la New York na kuchapishwa mwaka 2005, ukihusisha wanafunzi zaidi ya 2,000, haukuona dalili kwamba kuulizwa kuliwaongezea mawazo hayo wala huzuni. Kwa hiyo uliza, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili: “Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?” Akisema ndiyo, usimhubirie na usimlaumu. Kaa naye. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu mahali anapoweza kuzifikia, na mpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Mtihani unaweza kurudiwa mwaka mwingine.

Na mwambie hivyo mapema, kabla hajaonyesha dalili yoyote, kwa maneno yanayoeleweka: kwamba akipata alama za chini atarudi nyumbani na atafunguliwa mlango. Tunadhani wanalijua. Binti yangu nilipomwambia, alikaa kimya, kisha akauliza, “Hata baba?” Nilimwita baba yake pale pale aje aliseme kwa mdomo wake.

“Akitoka kwenye mtihani, mpitie naye maswali”

Karatasi imeshakusanywa. Jibu aliloandika halibadiliki, na kugundua kosa sasa kunamchukulia nguvu anazozihitaji kwa karatasi ya kesho. Kama mwenyewe anataka kuzungumza, msikilize. Usifungue kitabu kutafuta jibu.

Siku ya karatasi ya kwanza ya hisabati nilikuwa na swali mdomoni tangu asubuhi. Alipokuja, uso wake haukunionyesha kitu. Nikamwuliza kama amekula. Akasema tangu jana usiku hajatia kitu tumboni. Tukakaa tukala wawili, hakuna aliyetaja hesabu, na alipomaliza akaweka kichwa mezani akalala dakika ishirini kabla ya kwenda kuchukua daftari la somo la kesho.