Trei ya mayai kabla ya kutupwa

Kwa miaka mingi nimefundisha darasa la awali hapa Mbeya, na wazazi huniuliza mara kwa mara wanunue wapi vifaa vya kazi za mikono. Huwajibu kwamba waanze na trei ya mayai ya karatasi, kwa kuwa sijaona kitu kingine nyumbani kinachompa mtoto wa miaka mitano kazi nyingi kiasi hicho.

Trei hiyo hutengenezwa kwa karatasi chakavu iliyosagwa pamoja na maji, ndiyo maana ukiirudisha majini inageuka tena kuwa rojo. Kabla ya hapo ina kazi nyingine: mashimo yake 30, yaliyopangwa safu sita za matano matano, ni ubao mzuri wa kuhesabia maharage, nami huitumia hivyo hadi ichakae. Chagua iliyo kavu, isiyo na madoa ya yai wala kinyesi cha kuku, na watoto wanawe kwa sabuni baada ya kuishika.

Wakishaichana vipande vidogo kama visoda, mtu mzima amimine maji ya moto juu yake na kuviacha vilale humo. Asubuhi watoto huvifikicha kwa vidole mpaka pasiwe na kipande kigumu, kisha hukamua. Hapo ndipo darasa zima hunyamaza, maji yakiwachuruzika hadi viwikoni, na hata yule ambaye penseli humchosha haraka hukamua bila kuhimizwa.

Gundi ni uji wa ngano. Koroga kikombe kimoja cha unga kwa maji baridi kwanza, maana ukiutia kwenye maji yanayochemka utapata madonge, kisha ongeza maji yatimie vikombe vinne na uupike hadi uwe mzito. Usiruke kupika, kwa sababu wanga huhitaji moto wa kutosha ili uvimbe na kushika. Mimi huongeza kijiko cha chumvi kuchelewesha ukungu.

Ukungu ndio adui wetu mkubwa, kwani mvua za huku Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Januari moja niliwaacha watoto wafinyange tembo wanene. Nje wakakauka, ndani wakaoza, nikalazimika kuwatupa wote mbele ya watoto waliokuwa wamekwisha kuwapa majina. Tangu siku hiyo tunaanza na mpira wa gazeti uliofungwa kwa uzi, tukiupaka rojo lililochanganywa na uji kwa tabaka lisilozidi unene wa kidole cha mtoto, na kazi kubwa tunaziacha hadi Juni na Julai, ambapo baridi ni kali lakini hewa ni kavu.

Nawasihi wazazi jambo moja, hasa wanaolima viazi: chupa au kopo lililowahi kuwekwa dawa ya shambani lisiingie kabisa katika michezo ya watoto, hata likioshwa mara kumi.

Kwa rangi, udongo mwekundu uliochekechwa, masizi ya sufuria na bizari ya manjano, kila kimoja kikikorogwa kwa uji uleule, vinatosha kupaka kundi zima la tembo.